Neno kwa Ajili ya Merlin

Katika mkutano wa Cedar Fork wa Marafiki, Wakristo waitwao pia Wakweka, neno lilikuwa kitu cha kuheshimiwa sana, na kwa heshima hiyo hakuna aliyeligusa isipokuwa Merlin Hinshaw.

Kila Jumapili watu waliingia, wakapangusa matope ya Iowa, huko Marekani, kwenye viatu vyao, wakakaa kwenye mabenchi yao ya siku zote, wakanyamaza. Hakukuwa na mchungaji, wala kwaya, wala kinanda. Walingoja tu. Mtu akihisi moyoni kwamba amepewa neno, alisimama, akalitoa, akakaa. Asiyepewa alinyamaza mpaka wakati wa kwenda nyumbani, na wengi wao walikuwa wamenyamaza hivyo tangu ujana, wakisifiwa kwa unyenyekevu wao.

Merlin alipewa neno kila wiki. Alipewa neno juu ya nguruwe, juu ya mvua, juu ya watu wanaoacha mageti ya mashamba wazi, na juu ya subira, ambayo aliieleza kwa urefu mno. Alikuwa akishika benchi lililo mbele yake kwa mikono miwili, kama mtu anayeendesha trekta, halafu anaanza safari yake ya maneno. Wenzake walimsikiliza kwa upendo mkubwa, yaani walifumba macho.

Verda, mkewe, alikaa pembeni yake miaka yote hiyo na hakusimama hata siku moja. Yeye alilelewa Mmethodisti, akaingia kwa Marafiki kwa njia ya ndoa, na aliona kwamba kwa upande wa maneno nyumba yao ilikuwa imeshatoa sehemu yake.

Mara kwa mara wazee wa mkutano walimpelekea Merlin neno, na hilo ni neno la aina nyingine. Halitolewi mbele za watu. Linaletwa nyumbani kwa mtu, jioni, na watu wawili walioshika kofia zao mikononi na kuonekana kama wamepotea njia. Kwa kawaida walikuwa Lowell Mendenhall, aliyekuwa mzee mkuu, na Thurman Peele, aliyekuja ili Lowell asiwe peke yake.

"Merlin, tumekuja na neno," Lowell alikuwa akisema.

"Kaeni basi. Verda, wakatie pai hawa, wanaonekana wana neno zito."

Walikula. Lowell akapangusa mdomo. "Neno lenyewe, Merlin, ni kwamba maneno yako ni mengi."

Merlin alilifikiria jambo hilo kwa haki kabisa. "Mengi kuliko ya nani?"

Mwingine wa kulinganishwa naye hakuwepo. Waliaga wakiwa wameshiba, na Jumapili iliyofuata Merlin akapewa neno juu ya wageni wasiotoa taarifa.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa mpaka mwezi Machi, theluji ikiyeyuka, Merlin alipokuwa jikoni akibishana na redio kuhusu hali ya hewa. Verda alikuwa anamenya viazi. Alisikia redio ikiendelea peke yake, na hapo akajua.

Majirani walikuja, kama wanavyokuja watu wema. Irma, mke wa Lowell, alileta jeli ya kijani yenye karoti zilizoparuzwa. Jeli hiyo ilikuwa imehudhuria kila msiba wa kaunti ile, na ilirudi nyumbani ikiwa nzima mara nyingi kuliko inavyofaa kusemwa. Delbert Pickering, wa shamba la jirani, alileta nyama ya nguruwe ya moshi, akawalisha nguruwe wa Merlin bila kuulizwa, akakaa barazani na matope yake ili asichafue sakafu. Thurman alikwangua barafu kwenye ngazi. Verda aliona yote hayo, na hakusahau hata moja. Lakini alikuwa anangoja kitu kingine, na hicho hakikuletwa.

Marafiki hawali kiapo. Hata mahakamani hawanyanyui mkono wala kushika kitabu. Husema tu ndiyo au hapana, na hakimu huridhika, kwa sababu neno lao ni neno. Ni sifa nzuri sana kuwa nayo, ila inamsumbua mtu kwenye msiba. Kwa Wamethodisti, marehemu yeyote hulala pale mbele na ghafla huwa baba wa wote na rafiki wa maskini. Kwa Marafiki huwezi kusema alikuwa mpole kama hakuwa mpole. Kwa hiyo jikoni kwa Verda watu walijitahidi ndani ya mipaka ya ukweli.

"Alikuwa na afya nzuri," Irma alisema, akitafuta nafasi ya jeli kwenye friji. "Karibu mpaka mwisho."

"Alikuwa na sauti," alisema Delbert kutoka barazani.

"Kweli," Thurman akaitikia. "Hatukuwahi kukosa kumsikia."

Wote wakatazama ndani ya vikombe vyao vya kahawa.

Verda aliwashukuru. Usiku alipolala upande wake wa kitanda aliyapima maneno hayo, akaona hayatoshi kumfunika mtu. Yeye alimjua Merlin mwingine. Alimjua mtu aliyekuwa akirudi nyumbani amelowa, hasemi alikotoka, akavua buti na kuuliza chakula. Alimjua mtu aliyekuwa akiondoka kila Alhamisi mchana akisema anakwenda kutazama uzio, na uzio hauhitaji kutazamwa kila Alhamisi. Alikuwa amejiambia miaka yote kwamba huko aendako anatenda wema. Hakumuuliza, kwa sababu mtu anayesema yote akinyamaza juu ya jambo moja, jambo hilo mwachie. Sasa hakuwa na wa kumuuliza. Na alianza kuogopa kwamba wema ule aliutunga mwenyewe, kama mwanamke anavyotunga vitu ili aweze kuishi na kelele. Alitaka mtu mmoja tu, asiyekuwa yeye, asimame aseme alichokiona. Asipambe. Aseme tu.

Lakini kwa Marafiki neno haliagizwi, kama vile huwezi kuagiza mvua. Aliweza tu kusogea karibu na jambo. Siku moja kabla ya mkutano wa kumkumbuka, alimkuta Lowell katika nyumba ya mkutano akipanga vitabu vya nyimbo ambavyo hakuna aliyewahi kuviimba.

"Lowell, kesho utakuwa na neno?"

"Siwezi kujua, Verda. Nikipewa, nitalitoa."

"Na usipopewa?"

"Nitanyamaza," alisema Lowell kwa upole, kama mtu anayemwahidi zawadi.

Siku ya mkutano walimzika Merlin asubuhi, watu wachache, upepo mkali, udongo umeganda juu na kuwa tope chini. Mchana nyumba ya mkutano ilijaa. Verda aliwekwa kwenye benchi la wazee, lile la mbele linalotazamana na watu wote, kwa heshima ya mjane. Mtu alikuwa ametandika mto mahali atakapokaa, hakuna aliyekiri. Lowell alikaa mkono wake wa kulia, kati yake na ukuta. Kushoto alikaa Glenda, mdogo wake Verda, aliyetoka mji wa Des Moines na kofia.

Wakanyamaza.

Glenda alikuwa bado Mmethodisti kamili. Alinyoosha sketi, akatazama mbele, akatazama mlango. Baada ya muda akamwinamia Verda.

"Dada, tunamngoja nani?"

"Hatumngoji mtu."

"Basi wataanza saa ngapi?"

"Wameshaanza."

Glenda alilitafakari hilo. "Na wanaendeleaje?"

"Kama unavyowaona, mdogo wangu. Kaa kimya."

Jiko la mafuta la kupasha chumba joto lilikuwa likilia taratibu pembeni. Tumbo la mtu lilitoa maoni, likanyamaza nalo. Verda aliwatazama watu wake, na kila aliyekohoa alimpa matumaini. Delbert alikohoa, akaangalia buti zake. Irma alifungua mkoba, Verda akashika pumzi, Irma akatoa leso na kupenga. Halafu, katikati ya chumba, Thurman Peele akasimama.

Watu wakainua vichwa. Verda akasogea ukingoni mwa benchi. Thurman alijikongoja mpaka kwenye jiko, akapunguza moto, akarudi, akakaa.

Muda ukaenda. Kilikuwa kimya kizuri, kila mtu angekubali. Hapakuwahi kuwa na kimya kama hicho Cedar Fork, kwa sababu aliyekuwa akikivunja sasa alikuwa makaburini nyuma ya ukuta. Mtu aliyewapa maneno kila Jumapili ya maisha yao alikuwa analipwa kwa kimya bora kabisa walichokuwa nacho. Na Verda aliwajua vya kutosha kujua wanachofikiri. Delbert alifikiri atasema Lowell. Lowell alifikiri atasema Delbert, aliye jirani. Irma alifikiri si vizuri mwanamke kuwatangulia, Thurman alifikiri ameshasimama mara moja. Kila mmoja alikuwa anamwachia mwenzake nafasi, kwa adabu, na adabu hiyo ilikuwa inamzika Merlin mara ya pili.

Kisha akaona goti la Lowell likitikisika, na akajua maana yake. Mkutano wa Marafiki hauna amina ya mwisho. Unaisha pale mzee mkuu anapogeuka na kumpa mkono aliye pembeni yake. Huyo naye anampa anayefuata, mikono inazunguka chumba kizima, watu wanaulizana habari za wagonjwa, basi, umekwisha. Hakuna njia nyingine. Hakuna aliyewahi kuhitaji njia nyingine.

Lowell aligeuka kulia, ambako palikuwa na ukuta, akakumbuka. Akageuka kushoto na kumnyooshea Verda mkono wake mkubwa, wenye huruma.

Verda aliutazama. Akashika mkoba wake kwa mikono miwili.

Mkono ulibaki hewani. Lowell alidhani mjane hajauona, akausogeza kidogo.

"Verda," alinong'ona.

"Nauona, Lowell."

"Ni wakati."

"Hakuna aliyesema neno."

"Neno halilazimishwi, Verda. Unajua hivyo."

"Simlazimishi mtu. Nimekaa tu."

"Watu wamechoka. Chakula kinapoa."

"Ni jeli na nyama baridi," alisema Verda. "Haviwezi kupoa zaidi."

Alikuwa amenong'ona, lakini katika kimya kile kizuri hata alichosema panya kingesikika. Benchi la nyuma mtu alicheka, akageuza kicheko kuwa kikohozi. Uso wa Lowell ulikuwa mwekundu mpaka masikioni. Aliurudisha mkono pajani taratibu, kama mtu anayerudisha kitu dukani, na mkutano, usiokuwa na njia ya kuisha, ukaendelea.

Glenda alimwinamia tena. "Hii ni sehemu ya ibada?"

"Leo ni sehemu."

Verda hakuwa amewahi kumnyima mtu mkono. Alikaa akiwatazama usoni mmoja mmoja, bila ubaya, kama mtu anavyowatazama wageni waliokaa mezani akijua mmoja wao ana chumvi. Alianza kufikiri kwamba labda hawana. Labda hakuna aliyeona kitu kwa sababu hakukuwa na kitu, na atampa Lowell mkono, watakwenda kula jeli.

Benchi lilitoa mlio. Delbert Pickering alikuwa amesimama, na hakulielekea jiko.

"Merlin aliniambia mimi ni mkulima mbovu kuliko wote kaunti hii," alisema. "Aliniambia humu ndani, nikiwa nimekaa hapa hapa. Hakutaja jina, ila alitaja ng'ombe wangu."

Verda akafikiri kwamba hayo ndiyo aliyokuwa akiyaomba, basi ameyapata.

"Mwaka niliovunjika mguu," Delbert akaendelea, "nililala ndani mavuno yote. Asubuhi moja nasikia mashine shambani kwangu. Ni Merlin. Alivuna mahindi yangu kabla hajagusa yake. Mvua ikaja, yangu yapo ghalani, yake yalilowa yote. Jumapili yake akasimama akatupa neno juu ya watu wanaopanda ngazi mbovu. Nilikasirika sana. Nilikaa na hasira hiyo vizuri mno mpaka nikasahau kumshukuru. Mpaka leo."

Akakaa kwa kishindo.

Verda alikumbuka mwaka ule wa mahindi yaliyolowa. Merlin alimwambia mvua iliwahi. Hakusema ilimkuta wapi.

Wakangoja kidogo, kama inavyotakiwa. Halafu Irma akainuka, leso mkononi, akisema na sakafu.

"Mama yangu mwishoni alikuwa kiziwi kabisa. Mnamkumbuka. Nyinyi nyote mlikuja kumwona, mkamshika mkono, mkazungumza naye kwa sauti ya upole, naye aliniambia baadaye, Irma, hawa watu wamekuja kuchezesha midomo." Akavuta pumzi. "Merlin alikuja kila Alhamisi mchana. Alimsomea habari za mifugo. Majirani walidhani wanagombana. Mama alimpenda Merlin Hinshaw kuliko mtu yeyote katika mkutano huu, na sababu ni kwamba ndiye pekee ambaye mama aliweza kumsikia."

Mtu alicheka, na safari hii hakujisumbua kukohoa. Irma naye alikuwa anacheka na kulia pamoja. "Alimwambia pia kwamba jeli yangu haifai kupewa nguruwe. Mama akasema amina."

Alhamisi, Verda alijiambia. Uzio. Alitaka kucheka na hakuweza, akashika mkoba kwa nguvu zaidi.

Baada ya hapo ilikuwa kama geti lililoachwa wazi. Thurman alisimama mara ya pili, akasema kwamba kila yeye na Lowell walipompelekea Merlin neno, asubuhi yake alikuta kuni zimepasuliwa nyuma ya nyumba yake, na kwamba yeye alidhani ni mwanawe, na mwanawe alidhani ni yeye. Mwanamke wa benchi la nyuma alisema Merlin alimfundisha kuendesha lori baada ya kufiwa na mume, akimkemea njia nzima, na kwamba ndiyo maana hata sasa hashikwi na polisi. Maneno yote yalikuwa na mwiba ndani yake. Hakuna aliyesema alikuwa mpole.

Ndipo Glenda, aliyeona kwamba ibada hatimaye imekuwa ya kawaida, akasimama na kofia yake.

"Mimi si wa kwenu," alisema, "sijui kama naruhusiwa." Hakungoja kujibiwa. "Merlin aliongea na mimi kwanza. Kwenye maonyesho ya kilimo, mbele ya banda la nguruwe. Aliongea, akaongea, nikamcheka, nikaondoka. Dada yangu alibaki. Basi, kila mwaka, siku ya ndoa yao, Merlin alinipigia simu. Kila mwaka. Anasema, Glenda, asante kwa kunicheka. Halafu anakata."

Akakaa na kurekebisha kofia.

"Hukuniambia," Verda alisema kwa sauti ndogo.

"Aliniambia nikikuambia ataacha kupiga. Na mimi, dada, nilikuwa nazipenda zile simu."

Verda alitazama dirisha ili apate mahali pa kuweka macho. Mtu yule hakuwahi kukosa neno juu ya jambo lolote chini ya jua, na hilo moja alikuwa amelipeleka mpaka Des Moines ili asilimwage nyumbani. Ungeweza kumkasirikia. Verda alimkasirikia kidogo, na hiyo ilimsaidia asilie mbele ya watu.

Sasa aliona ametosheka. Aliweka mkoba sakafuni, akafuta viganja kwenye sketi, akageuka kumpa Lowell mkono.

Lakini Lowell hakuwepo. Lowell alikuwa amesimama. Mzee mkuu wa mkutano wa Cedar Fork alikuwa amepewa neno.

Alianza na pai ya Verda, ya kwanza kabisa waliyokula walipompelekea Merlin neno. Kutoka kwenye pai akaingia kwenye subira. Kutoka kwenye subira akaenda kwenye mwaka wa theluji kubwa, Merlin alipokuja na trekta kuwavuta yeye na Irma kutoka mtaroni, na ili hilo lieleweke ilibidi aeleze barabara ilivyokuwa kabla haijapanuliwa, na ni nani aliyekuwa na shamba lile la kona, na shamba lile lilivyouzwa. Mikono yake ilitafuta kitu cha kushika, ikashika ukingo wa benchi. Irma alimtazama kwa mshangao, kama mke aliyegundua kwamba mumewe anajua kuogelea. Baada ya muda watu walianza kufumba macho, kwa upendo mkubwa.

Glenda alimgusa Verda kiwiko. "Mvute koti. Ukimpa mkono si anakaa?"

Ilikuwa kweli. Mkono wake ulikuwa huru, na koti la Lowell lilikuwa pale pale karibu na bega lake.

"Mwache," alisema Verda. "Hajafika kwenye trekta."